Swala ya Mtu Aishiye Juu ya Mto

Hotuba kwa waumini wa misikiti ya bonde la Sigi

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Tumetakiwa tuzungumze juu ya swala na utiifu wa hiari. Mada hii yaweza kuzungumzwa popote walipo Waislamu, na mara nyingi huzungumzwa kana kwamba hao wanaohutubiwa hawana mahali wanapoishi. Sisi tumeona tuizungumze hapa hapa tulipo, kando ya mto Sigi, kwa sababu tunaamini kuwa watu wa bonde hili wamepewa mtihani wa swala ambao wenzao wa mahali pengine hawakupewa kwa namna hii.

Mto Sigi, ambao wengine huuandika Zigi, huanzia katika misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, wilayani Muheza. Hukusanya vijito vingi, hupokea maji ya Kihuhwi, huteremka mpaka tambarare na kufika bwawa la Mabayani. Kutoka bwawani maji husafishwa na kupelekwa katika jiji la Tanga. Basi Muislamu wa Ngamiani, wa Chumbageni au wa Makorora anapoamka kabla ya Alfajiri, akafungua bomba na kusema Bismillahi, maji yanayopita juu ya viungo vyake ni haya yaliyopita jana au juzi chini ya migomba yenu. Udhu wake umeanzia kwenu. Hakuna kati yenu anayemjua kwa jina, wala yeye hawajui ninyi, hata hivyo kuna haki baina yenu, na haki hiyo Allah (s.w.) ataiuliza.

Tuanze na swala yenyewe. Tunafahamu kutokana na Sura Adh-Dhaariyaat, aya ya 56, kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamuabudu Allah. Na katika Sura Al-An'aam, aya ya 162, Mtume (s.a.w.) ameamrishwa atangaze kuwa swala yake, ibada zake zote, uhai wake na kufa kwake ni kwa ajili ya Allah, Mola wa walimwengu. Tazameni jinsi aya hiyo ilivyoanza na swala kisha ikaendelea mpaka kwenye uhai mzima. Swala imetangulizwa kwa kuwa ndiyo mafunzo. Mara tano kwa siku mja huitwa, huacha alilokuwa nalo mkononi, husimama mahali alipoamrishwa, huelekea upande alioamrishwa, huinama na kusujudu kwa idadi asiyoipanga yeye. Anayefunzwa hivyo miaka ishirini, thelathini, anatarajiwa awe amezoea jambo moja: kuacha anachokitaka pale Mola wake anapotaka kingine, na kukiacha bila ya kusukumwa.

Ndiyo maana Qur'an haikuridhika na neno la kuswali peke yake. Imesema mara kwa mara juu ya kusimamisha swala. Kuswali ni kutimiza vitendo kwa wakati wake, na kusimamisha ni kuiacha swala ifanye kazi yake katika maisha, mpaka ikatae machafu na maovu kama ilivyoelezwa katika Sura Al-'Ankabuut, aya ya 45. Wengi wetu tunaswali. Suala la kusimamisha lingali na safari ndefu, na tutaona hapa mbele kidogo lilivyo na mguu mmoja msikitini na mguu mwingine kwenye ukingo wa mto.

Katika Sura Fussilat, aya ya 11, Allah (s.w.) anatueleza kuwa mbingu na ardhi ziliamrishwa zije, zikitaka zisitake, nazo zikajibu kuwa zimekuja kwa utii. Wanachuoni wameizungumza sana aya hii. Sisi tunalolichukua ni kwamba ardhi hii tunayoilima, pamoja na milima yake na mto wake, ilichagua utiifu kabla sisi hatujaumbwa. Mto Sigi haujapata kukataa kuteremka. Mvua ya masika ikinyesha Amani, maji huja. Hayahitaji askari wa kuyasindikiza. Mwanadamu peke yake, pamoja na majini, ndiye aliyepewa nafasi ya kusema hapana, na heshima yake yote imo katika kusema ndiyo ilhali angeweza kusema hapana.

Upande wa pili Qur'an imetuchorea mtu anayetii kwa shingo upande. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 142, wametajwa wanafiki wanaosimama kuswali kwa uvivu, wakitaka kuonekana na watu, wala hawamkumbuki Allah ila kidogo. Katika Sura At-Tawba, aya ya 54, wametajwa tena kuwa hawaendi kwenye swala ila kwa uvivu na hawatoi ila hali ya kuchukia. Zingatieni kwamba watu hawa walikuwa wakija msikitini! Walikuwa safuni, nyuma ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Hesabu ya rakaa zao haikupungua. Kilichokataliwa ni moyo uliokuwa ukiangalia nani anatazama.

Sasa tuteremke kwenye mto.

Mnajua kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto au chanzo cha maji. Mnajua pia jinsi kifungu hicho kinavyotekelezwa katika milima yetu. Bwana misitu akionekana barabarani, jembe hufichwa. Akipita, jembe hurudi. Magimbi na miwa huteremka mwaka baada ya mwaka mpaka mizizi yake inaoshwa na maji, na masika yakija ukingo wote hukatika na kwenda na mto, ukageuka tope linalotua katika bwawa la Mabayani. Mwenye shamba hupoteza udongo, mtu wa mjini hupata maji ya rangi ya chai, na hakuna aliyefaidi.

Tunauliza bila ya kumvunjia mtu heshima: huyu anayehifadhi ukingo siku bwana misitu yupo tu, anafanana na nani katika wale tuliowasoma hivi punde? Kwa hakika utiifu wake umejengwa juu ya jicho la kiumbe. Na mwenye kuzoea kumcha kiumbe katika shamba si ajabu akajikuta anamcha kiumbe katika safu.

Wala msidhani kuwa tunazungumza kama watu wasiojua historia ya milima hii. Usambara imelazimishwa mengi. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, na wakajenga reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka hapa Sigi ili kuteremsha mbao. Reli iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ndiyo iliyobaki, na leo wageni wa hifadhi hupokelewa hapo. Wakaja Waingereza. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, upande wa Lushoto, kisha wakauenea Usambara nzima. Watu walilazimishwa kuchimba matuta katika miteremko, na asiyechimba alipigwa faini au kufungwa. Matuta yenyewe, ukiyatazama kwa elimu ya kilimo, hayakuwa na nia mbaya kwa udongo. Lakini yalikuja kwa amri ya mtu aliyewadharau waliotakiwa kuyachimba, yaliongeza kazi juu ya migongo ya wanawake, na mavuno hayakuonekana kuongezeka. Watu wakayachukia, wakayapinga, na kabla ya Uhuru mpango ule uliachwa. Ukienda Lushoto leo utaona miteremko mingi yenye matuta, makinga maji na majani ya kuzuia udongo, na wenye mashamba wamejichimbia wenyewe baada ya kuona faida yake. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile. Tofauti ni kwamba safari hii moyo wa mkulima umekuwemo ndani ya kazi.

Kadhalika hatusemi kwamba malalamiko ya mkulima wa leo hayana msingi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipotangazwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilikuta vijiji vimekwisha kubanwa baina ya misitu ya serikali na mashamba makubwa ya chai. Waliokuwa na iliki Derema, wakatakiwa waiache ili misitu iungane, wanajua mjadala wa fidia ulivyochukua miaka. Mtu anayeambiwa aache shamba ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini, na anayemjibu kwa karipio hakufuata mwendo wa Mtume (s.a.w.). Tutalirejea jambo hili.

Hata hivyo lipo suala ambalo halingoji serikali, nalo ni lile la Muislamu na Mola wake. Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa kuwa tukio tutakalolisimulia lilitokea Madina, na mtu asiyejua angedhani limetokea Kisiwani au Shebomeza.

Imepokewa katika Sahih Bukhari kwamba Zubayr bin Al-Awwam (r.a.), ambaye mama yake, Bibi Safiyya, alikuwa shangazi yake Mtume (s.a.w.), aligombana na mtu mmoja katika Answari juu ya mfereji wa maji uliokuwa ukitoka kwenye ardhi ya mawe ya Harra. Wote wawili walikuwa wakinyweshea mitende yao kwa maji hayo. Shamba la Zubayr lilikuwa juu, la yule Answari lilikuwa chini. Answari akataka maji yaachwe yapite. Zubayr akakataa. Wakapeleka shauri kwa Mtume (s.a.w.), naye akamwambia Zubayr anyweshee kisha amwachilie jirani yake maji. Yule Answari akakasirika, akasema kuwa hukumu imetolewa hivyo kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi yake. Uso wa Mtume (s.a.w.) ukabadilika. Ndipo akamwamuru Zubayr anyweshee, kisha ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za mashina ya mitende. Waliokuja baadaye walikadiria kina hicho, wakaona kinafika kwenye vifundo vya miguu. Zubayr mwenyewe alikuwa akisema kuwa anadhani aya ya 65 ya Sura An-Nisaa iliteremka katika jambo hilo.

Na aya hiyo inasema nini? Inaeleza kwamba watu hawatakuwa wameamini mpaka wamfanye Mtume kuwa hakimu katika wanayogombania, kisha wasione uzito wowote nafsini mwao juu ya alilohukumu, na wasalimu amri kikamilifu. Ndugu Waislamu, hiki ni kipimo cha imani kilichoteremka kando ya mfereji wa shamba! Hakikuishia kwenye kutii. Mtu aweza kutii huku amenuna. Aya inadai kifua kisiwe na dhiki, na hilo ndilo tunalolikusudia tunaposema utiifu wa hiari.

Limo jambo jingine katika kisa hiki ambalo mara nyingi hupitwa. Hukumu ya kwanza ilimpa Zubayr chini ya haki yake kamili. Wanachuoni wameeleza kuwa Mtume (s.a.w.) alianza kwa suluhu, akimwelekeza mwenye shamba la juu afanye wema: anyweshee kiasi, aachie. Haki kamili ya mtu wa juu ilitajwa baada ya mtu wa chini kuukataa wema huo. Maana yake ni kwamba sheria ipo na mipaka yake ipo, lakini muumini hutakiwa kwanza kwa kile kilicho zaidi ya sheria. Na hata haki kamili ilipotolewa, ilikuwa na kikomo. Aliye juu hakupewa mto. Alipewa maji ya kufika vifundoni, basi.

Tumewasikia baadhi ya ndugu wakisema: "Mto unapita kwangu, shamba ni la babu yangu, huyo wa Tanga ana nini hapa?" Jawabu lake ni kisa hicho. Na jawabu jingine limo katika hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), pia katika Bukhari, ya watu waliopiga kura ndani ya jahazi, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipohitaji maji walilazimika kupita kwa wa juu, wakaona bora watoboe sehemu yao wasiwaudhi wenzao. Mtume (s.a.w.) akaeleza kuwa wakiachwa watoboe, wote wataangamia, na wakizuiwa, wote wataokoka. Hapa Sigi kura imeanguka kinyume: walio juu ndio walio karibu na maji, na tundu laweza kutobolewa kutoka juu. Jahazi ni lile lile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachimbaji wa dhahabu walipoivamia Sakale wakawa wanaosha mchanga ndani ya vijito, maji yalichafuka mpaka chini, na serikali ikalazimika kuwaondoa. Walitoboa katika sehemu waliyoiona kuwa ni yao.

Tukubaliane pia juu ya jambo ambalo da'wa yetu imelisimamia miaka yote, nalo ni kuwaondoa watu katika imani ya mizimu. Wazee wetu wa Kisambaa na wa Kibondei waliziogopa baadhi ya chemchemi na vichaka. Waliamini kuna mwenyewe humo, na atakayekata mti au kuchota vibaya atadhurika. Mvua ikichelewa, walikwenda kwa waganga wa mvua na kufanya matambiko. Hata leo, mto huu huu unapokaribia bahari pande za Amboni, wapo wanaopeleka sadaka zao mapangoni. Haya yote ni shirki, na aliyeyaacha ameokoka. Hilo halina shaka wala hatulirudii kwa kulionea haya.

Lakini zingatieni. Yule mzee aliyeogopa mzimu hakukata mti wa chemchemi. Mjukuu wake amejifunza tauhidi, akajua kuwa hakuna mzimu, na akaingia na panga. Woga wa batili umeondoka, hofu ya Mwenye haki haijaingia mahali pake. Je, hii ndiyo tauhidi? Tauhidi inasema chemchemi haina mzimu kwa kuwa ina Mola, naye anaona zaidi ya alivyodhaniwa mzimu kuona. Mwenye kuisoma Sura Al-Mulk usiku hukutana katika aya ya mwisho, ya 30, na swali la Allah (s.w.): maji yenu yakididimia ardhini, ni nani atakayewaletea maji yanayotiririka? Mtu aliyelisikia swali hilo kwa moyo wake hawezi kuwa na adabu ndogo kwa chemchemi kuliko babu yake aliyekuwa akichinja mbuzi pale. Kazi ya kuufundisha umma tauhidi, kwa hivyo, haimaliziki siku tambiko linapoachwa. Inabaki nusu ya pili, na ndiyo iliyo ngumu.

Badala ya matambiko tumefundishwa swala ya kuomba mvua. Mtume (s.a.w.) alitoka na watu mpaka uwanjani, akaelekea kibla akiomba, akaigeuza nguo yake, akaswali rakaa mbili. Na katika Sura Nuh, aya ya 10 mpaka ya 12, Nabii Nuh (a.s.) anawaambia watu wake waombe msamaha kwa Mola wao, atawateremshia mvua tele, atawapa mali na watoto, na atawafanyia mabustani na mito. Mpangilio huo una mafunzo. Toba imekuja kwanza, mito imekuja mwisho. Na toba, kama mnavyofundishwa katika madrasa, ina masharti: kuliacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na kurudisha haki ya mtu ikiwa imo. Mwaka ambao vuli itachelewa, nasi tutatoka uwanjani na kuinua mikono. Ni vyema kabla ya kutoka kila mmoja akatazame ukingo wa shamba lake, ajue anaomba msamaha wa nini.

Hatutaki ieleweke kuwa mzigo wote ni wa mtu wa juu. Ndugu zetu wa Tanga nao wana yao. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni mkunjo wa viganja viwili vya mtu wa kawaida. Ukiupima kwa vipimo vya siku hizi hauvuki sana robo tatu ya lita. Simameni siku moja kwenye bomba la udhu la msikiti wowote mjini na mtazame maji yanayokwenda wakati mtu mmoja anasukutua! Mtu anaacha bomba wazi huku akizungumza na mwenzake habari za mpira. Kisha anaingia kuswali akiamini kuwa amejitwaharisha kwa sunna.

Zaidi ya hayo, watu wa mjini hawana budi kuulizwa wanawarudishia nini wa mlimani. Mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani mwaka 2024 ili kukusanya shilingi bilioni 53.12 za kupanua huduma na kulinda vyanzo vya maji. (Riba ya asilimia 13.5 iliyofungamana nayo ni suala la kusikitisha linalohitaji mazungumzo yake peke yake, leo tunaliacha.) Wapo pia wakulima wa huku juu waliojiunga katika umoja wa kuhifadhi Kihuhwi na Zigi, UWAMAKIZI, na mamlaka hiyo imeshirikiana nao. Ni jambo la kushukuru. Lakini hatuoni kwa nini misikiti ya Tanga, ambayo kila siku hutumia maji haya kwa ibada, isiwe na fungu lake. Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma kwa mali yake akawapa Waislamu wanywe. Leo kisima cha watu wa Tanga kipo milimani, na gharama ya kukilinda inamwangukia mkulima wa iliki mwenye robo eka.

Na hapa ndipo tunalirejea lile swali la mtu ambaye shamba lake lote limo ndani ya mita 60. Ameswali, ameamini, ameridhia kwa moyo wake kuondoka kingoni, na bado kesho ana watoto wa kuwalisha. Haijuzu sisi tulio na mashamba juu ya mteremko tumhutubie subira na kumwacha. Sura Al-Maa'uun imewatolea onyo kali wanaoswali huku wanaghafilika na swala zao, wanaofanya riya na kuzuia msaada mdogo. Ibn Mas'ud (r.a.) ameeleza, kama ilivyo katika Abu Daud, kuwa wakati wa Mtume (s.a.w.) wao waliuhesabu msaada huo kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Ikiwa kumnyima jirani ndoo kumetajwa ndani ya sura moja na kughafilika na swala, itakuwaje kumnyima kipande cha kulima yule aliyeacha chake kwa ajili ya Allah?

Tunapendekeza, na maimamu wamekwisha kulizungumza jambo hili, kwamba kila msikiti wa bonde uandike orodha ya wenye mashamba ya kingoni, bila ya kumpelekea mtu yeyote wa serikali. Aliye na sehemu nyingine ya kulima aanze kuacha ukingo msimu huu, kidogo kidogo, kuanzia majini kwenda juu. Asiye nayo aangaliwe na jamaa wa msikiti wake: aazimwe kipande, au apewe miche ya karafuu, mdalasini na miti ya matunda aipande juu ya mstari wa mita 60, na wakati miche inakua asaidiwe chakula kutoka mfuko wa sadaka. Mwenye kustahiki zaka apewe zaka. Ukingoni kwenyewe iachwe miti ya asili irudi, na palipo wazi sana tupande, tukikumbuka hadithi ya Anas (r.a.) katika Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hapandi mti, akala katika mti huo ndege, mtu au mnyama, ila huandikiwa sadaka.

Vyoo vilivyo karibu na vijito navyo viondolewe. Mtume (s.a.w.) ametahadharisha juu ya mambo matatu yanayoleta laana, na la kwanza ni kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Mu'adh (r.a.). Katika hili hatuoni nafasi ya mazungumzo marefu.

Atakayeuliza kama bwana misitu ataambiwa, jawabu ni kwamba ataona mwenyewe akipita. Na atakayeacha ukingo wake usiku, bila ya mtu kumwona, huyo tunamwombea zaidi kuliko wote.

Tutaanza na kijito kinachopita nyuma ya msikiti huu, Jumapili baada ya swala ya Alfajiri, inshaallah. Kila mmoja aje na jembe lake, na wenye miche ya ziada waje nayo. Kinamama wametuarifu kuwa uji utakuwepo.

Wabillahi Tawfiq. Wassalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.